Ucheshi wa kiongozi: maana yake na unavyowagusa wafanyakazi

Ucheshi wa kiongozi ni namna bosi anavyochekesha, anavyocheka na anavyopunguza uzito wa jambo mbele ya anaowaongoza. Si wingi wa vichekesho anavyovijua. Wapo wakuu wa idara wasiojua kusimulia hata kimoja, lakini ukiingia ofisini kwao moyo unatulia.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rod Martin wa Kanada na wenzake waliutenga ucheshi katika mitindo minne: wa kuwaunganisha watu, wa kujipa moyo wakati wa shida, wa kuwashambulia wengine, na wa kujidhalilisha ili wengine wafurahi. Kazini, wa kuunganisha na wa kushambulia ndio wa kuangaliwa kwanza, maana kwa sikio la haraka hufanana.

Sisi tuna kipimo cha kuitofautisha: utani. Mtani wako anaweza kukutolea maneno makali hata msibani, nawe ukacheka, kwa sababu una haki ya kumrudishia. Sasa bosi akikutania kwenye kikao cha Jumatatu, utamrudishia? Wengi hawathubutu, kupanda daraja kwao kunapitia mezani kwake. Utani usiorudishwa ni kejeli tu. Na hapa Dodoma, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, ofisi moja inakutanisha Mgogo, Mhaya, Mpare na Mmakonde. Si wote ni watani.

Niliwahi kufanya kazi masijala katika ofisi moja hapa mjini. Kijana mmoja wa Bahi, wilaya ya wafugaji hapa Dodoma, alichelewesha faili siku mbili. Mkuu akamwuliza mbele ya kikao, "Faili ulilipeleka machungani?" Tulicheka wote, nami nikiwamo, na mpaka leo najuta. Yeye alitabasamu huku akikunja na kukunjua pembe ya daftari lake. Tangu siku hiyo, faili likipotea hakusema. Alilitafuta peke yake mpaka jioni, na sisi tulijua pale mwenye shida yake alipofika dirishani kulalamika.

Utafiti wa Kai Chi Yam na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha pande zote mbili. Ucheshi wa kiongozi huwafanya wafanyakazi wajitume, lakini pia unaweza kuwafanya waone kuvunja taratibu si neno, hasa ukiwa wa kushambulia. Nililiona hilo: baada ya kikao kile, "machungani" likawa jina la yule kijana, hata kwa wahudumu.

Mkuu aliyefuata alikuwa mtu mwingine kabisa. Wiki yake ya kwanza alisaini barua mahali pa mwenzake, akaiinua tuione: "Hii tuipeleke makumbusho. Nichapieni nyingine." Siku chache baadaye yule kijana alibisha hodi mlangoni kwake, mkononi ana faili lililopelekwa idara isiyo yake.

"Shikamoo mkuu. Hapa nimekosea."

"Marahaba. Kaa, tulitazame."