Gimbi la mtoni, na kwa nini linawasha

Gimbi la mtoni ni gimbi lilelile la sokoni, ila hili hakuna aliyelipanda. Wazanzibari huliita jimbi, Wakenya nduma, na wataalamu wa mimea *Colocasia esculenta*. Asili yake ni Asia, lakini siku hizi linajiotea kandokando ya vijito, kwenye madimbwi na mitaro, likisambaa kwa vitawi vinavyotambaa juu ya tope. Viazi vyake huwa vidogo, na mara nyingi vinawasha kuliko vya shambani. Si ajabu: mkulima huchagua mbegu isiyomwasha, mtoni hakuna wa kuchagua.

Wengi hudhani kinachowasha ni utomvu. Hasa ni sindano. Ndani ya jani, kikonyo na kiazi mna fuwele za kalisiamu oksaleti, nyembamba mno hata jicho halizioni, zimefungwa mafungumafungu. Ukimenya au ukitafuna, mafungu hupasuka na sindano huchoma ngozi, ulimi na koo. Midomo huweza kuvimba. Aliyelitafuna bichi akianza kuhema kwa shida au kushindwa kumeza, asingojee nyumbani, apelekwe hospitali.

Dawa yake jikoni ni moto na subira. Lichemshwe mpaka liive kabisa, kisu kizame bila kugoma, kisha maji yale yamwagwe, kwani sehemu ya oksaleti huyeyukia humo. Majani nayo ni mboga, ila yanataka kupikwa sana. Kuyageuzageuza sufuriani kama mchicha hakutoshi. Anayepika futari ya magimbi ya nazi ayachemshe kwanza, ndipo atie tui. Wageni wakilalamika adhana imekaribia, wapewe tende. Ili mikono isiwashwe, ni rahisi zaidi kuchemsha na maganda yake na kumenya baadaye, au kupaka mafuta kabla ya kushika kisu.

Mwenye historia ya mawe kwenye figo aulize daktari kwanza, maana oksaleti nyingi mwilini huchangia mawe hayo.

Kuna pia la kufananisha. Baadhi ya maua ya bustanini yenye majani mapana yana sindano hizohizo na si chakula. Kwenye gimbi, kikonyo hushika jani kwa chini, ndani kidogo ya ule mkato wa juu, na ncha ya jani huinama. Jani likisimama ncha juu, achana nalo. Hata hivyo alama hizi peke yake zisikupe ujasiri. Chimba na mtu anayelijua.

Yote hayo sufuria na macho huyaweza. Kisichowezekana ni tope lenyewe. Gimbi lililoota kwenye mto wa mjini unaopokea maji ya viwandani, kama Msimbazi wa Dar es Salaam, linaweza kufyonza madini mazito kama risasi, na hayo hayatoki kwa kuchemshwa hata usiku kucha. Naye mchimbaji anayeingia peku kwenye maji yaliyotuama yenye konokono anaweza kutoka na kichocho kabla hajawasha jiko.