Kuchovya mara mbili katika picha za ubongo

Chukua watu 1,000, kila mmoja arushe sarafu mara 10. Kwa bahati tu, 11 hivi watapata kichwa mara 9 au zote 10. Sasa waweke kando hao 11, piga wastani wa mirusho yao hiyo hiyo, kisha tangaza kwamba umegundua watu wenye kipaji cha sarafu. Hesabu yako ni sahihi, ulikosea ulipowachagua.

Watafiti wa ubongo huliita kosa hili kuchovya mara mbili, nalo ni aina ya upendeleo wa uteuzi. Picha ya MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) huugawa ubongo katika vipande vidogo, vokseli, ambavyo huweza kuzidi 100,000. Mtafiti huuliza kila vokseli: je, mabadiliko ya damu hapa yanaendana na alama za woga za washiriki? Zinazovuka kizingiti, yaani kiwango cha uhusiano alichokiweka, anazibakiza. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza anapotumia data ile ile kutuambia uhusiano huo una nguvu kiasi gani, maana vokseli zilizovuka zimebebwa na ukweli kidogo na bahati kidogo, na bahati hiyo yote imeelemea upande mmoja.

Mwaka 2009 mwanasaikolojia Edward Vul na wenzake walitilia shaka tafiti za hisia na haiba zilizoripoti uhusiano wa zaidi ya 0.8 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni kuendana kikamilifu). Vipimo vyenyewe huyumba: mpime mtu yule yule mara mbili, majibu hayalingani kabisa. Kwa kuyumba huko, walikadiria kwamba dari ya uhusiano unaoweza kutarajiwa ni kama 0.74. Walipowauliza waandishi wa tafiti hizo, zaidi ya nusu walikuwa wamechagua na kupima kwa data moja. (Rasimu yao iliita uhusiano huo wa "voodoo". Ugomvi ukazuka, neno likaondolewa.)

Wengi hudhani dawa ni kukaza kizingiti. Kukaza hupunguza vokseli za uongo, lakini hakuponyi ugonjwa huu. Washiriki wakiwa wachache, huuzidisha, kwa kuwa kizingiti kirefu huvukwa na waliobahatika sana tu.

Dawa ni kutenga data: nusu ya kuchagulia, nusu nyingine ya kupimia. Wale 11 wakirusha upya, wastani wao utarudi karibu na 5.