Si kila shimo kwenye data ya mwinuko ni la karsti

Nimeletewa tena "ramani ya mashimo ya kutitia", yaani mashimo ya karsti, ardhi ambayo mawe yake kama chokaa huyeyushwa na maji. Imetengenezwa hivi: rasta ya mwinuko (gridi ya pikseli, kila moja na mwinuko wake) imejazwa, yaani kila shimo limeinuliwa hadi pale maji yangefurika, ya awali ikatolewa kwenye iliyojazwa, na kila kilichozidi sifuri kikapakwa rangi nyekundu. Hiyo ni ramani ya mahali ambapo maji hayana njia ya kutokea juu ya ardhi. Kwa nini hayana njia, data ya mwinuko haijui.

Hatua yenyewe ni halali, ila ni ya kwanza tu. Kwa laida (upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani) ya pikseli za mita 1, mimi huanza kwa kutupa mashimo yenye kina cha chini ya sentimita 30. Ukijaza kwa zana ya Wang na Liu, mojawapo ya zana za kujaza mashimo kwenye programu za ramani, weka mteremko wa chini kabisa kuwa 0. Ukiuacha juu ya sifuri, uso uliojazwa unainama kidogo kidogo, na tofauti utakayopata ina kina cha uongo.

Sasa makalavati, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. Laida huona tuta la barabara, haioni bomba lililopita chini yake. Upande wa juu wa bonde unageuka "shimo" refu lenye ukingo mmoja ulionyooka, sehemu yake ya kina zaidi ikiwa miguuni mwa tuta. Dawa ni kukata tuta ndani ya data kwa mstari wenye upana wa pikseli 2 au 3 pale kalavati lilipo, kisha ndipo ujaze. Usitumie zana inayokata kiotomatiki kila mahali, kwa sababu itatoboa na kingo za mashimo ya kweli. Na tafadhali, usifute kila shimo linalogusa barabara! Katika uwanda wa chokaa wa Kentucky, Marekani, barabara hupita kandokando ya mashimo halisi, na mitaro yake humwaga maji humohumo na kuharakisha kutitia. Ukiyafuta, umefuta yale ambayo mhandisi aliyataka kuliko yote. Mabwawa ya mifugo na machimbo nayo yakaguliwe kwa picha za anga, moja moja.

Data za bure za mita 30? Shimo la upana wa mita 15 ni dogo kuliko pikseli moja. SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga mwaka 2000, ilipangiwa kosa la wima la hadi mita 16, na penye msitu rada yake haifiki ardhini. Kwa mashimo madogo ya mawe ya matumbawe kama ya Unguja, haifai. Picha za droni zina pikseli ndogo sana, lakini penye miti nazo huona majani, na uwazi kati ya miti miwili hujitokeza kama shimo.

Kuna mambo mawili ambayo sina jibu lake safi. Zile sentimita 30 ni uamuzi, si sheria: zikiwa 50, mashimo mapana yaliyojazwa udongo wa mashamba hupotea. La pili ni shimo kubwa lenye matatu madogo ndani yake. Ni moja, matatu au manne? Mimi huhifadhi tabaka mbili, la nje na la ndani, kila poligoni (umbo linalozungushia shimo) ikiwa na kina chake, na anayetaka jumla lazima aseme anahesabu tabaka lipi.