21 ya kwanza Dodoma: unachoambiwa na kundi, na ukweli wake

Ukilipia namba ya kilomita 21 kwa mara ya kwanza, washauri hawakosekani. Habari zikifika kwenye kundi la WhatsApp la jogingi, kila mtu anageuka kocha: huyu anakuambia ubebe glukosi, yule anakutumia picha ya raba za laki nne, wa tatu anakuapia kwamba magoti yatakwisha kabla hujafika miaka arobaini. Wote wanakutakia mema, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana ushauri mbovu wa mtu anayekupenda ni kazi kuukataa.

Uongo unaowamaliza wengi ni huu: kimbia na mwenye mbio kukuzidi, atakuvuta. Anavuta kweli. Anakuvuta mpaka kilomita ya 13, halafu yeye anaendelea na wewe unabaki umeshika kiuno. Mazoezi ya mbio ndefu, sehemu yake kubwa, hukimbiwa polepole, kwa kasi ambayo mtu anaweza kutamka sentensi nzima bila kuhema katikati. Kasi hiyo ndiyo inayoujenga moyo na kuongeza vimishipa vya damu kwenye misuli, na ndiyo inayoufundisha mwili kuchoma mafuta ili sukari iliyohifadhiwa isiishe mapema. Rafiki hapa ni kipimo kizuri kuliko saa ya mkononi: soga zikikatika, mmezidisha. Pita barabara za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, Jumamosi alfajiri uyaangalie makundi. Wanaosimulia bei za viwanja huku wakikimbia wanafanya mazoezi; walionyamaza na kuinamisha vichwa wanashindana, hata kama wenyewe hawajui. Mwenye spidi aende zake, mtakutana kwenye chai.

"Dodoma tambarare, hakuna kazi." Hii ni kauli ya wanaoshuka treni ya SGR Ijumaa jioni kutoka Dar. Mji wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21 ileile ya pwani, ila mgandamizo wa hewa umepungua kwa kama asilimia 12, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Hakuna atakayezimia kwa hilo. Lakini kasi uliyoizoea Coco Beach, ufukweni Dar, hapa moyo utailipia zaidi. Na huo utambarare, aliyewahi kupanda vilima vya chuo kwa miguu hana hamu ya kuujadili.

Maji sasa. Kundi litakuambia unywe kwenye kila meza, hata kama huna kiu. Hili linaaminika sana kwetu kwa sababu ya ukame, na lina nusu ya ukweli. Hewa ya Dodoma ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona. Unavua fulana baada ya kilomita 15 unakuta michirizi myeupe ya chumvi mgongoni, nawe ulidhani hukutoka jasho. Kwa hiyo maji yanatakiwa. Ila mwili una kipimo chake, kiu, na kwa mkimbiaji wa kawaida kinatosha. Anayejaza tumbo kwa nguvu anaizimua sodiamu, madini ya chumvi, iliyomo kwenye damu. Watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston mwaka 2002, wakakuta asilimia 13 sodiamu yao imeshuka chini ya kawaida. Kilichowatambulisha zaidi walioathirika ni uzito: wengi walimaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Fikiria hilo, mtu anakimbia kilomita 42 anaongezeka. Dalili zake ni kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, ambazo mtu wa kando huzichukulia kuwa ni za kukaukiwa, kisha kwa huruma yake anakuja na chupa nyingine. Na hatari inawaelemea zaidi wanaokaa muda mrefu barabarani, yaani wageni wa mbio, si mabingwa.

Chakula kina hadithi zake pia: usiku wa kuamkia mbio upige ugali mlima, eti ndiyo nguvu ya kesho. Akiba ya nguvu kwenye misuli hujengwa kwa siku mbili tatu za kula vizuri wanga, haijengwi kwa sahani moja. Mlenda na ugali wa uwele ni chakula cha heshima, lakini nyuzinyuzi zake zote usiku ule zitakutafutia choo kwenye kilomita ya 9, mahali ambapo choo hakipo. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, chai ya sukari na mkate au viazi vitamu vinatosha. Mbio zikianza saa 12:00, maana yake uamke saa 9 usiku, na hapo utamjua rafiki wa kweli kwa nani anapokea simu. Glukosi ambayo hujawahi kuijaribu mazoezini iache nyumbani.

Kuna hili linalosemwa na mashangazi kwa sauti ya chini na kwa uhakika mkubwa: mwanamke akikimbia mbio ndefu anaharibu kizazi. Mji wa mimba hauning'inii hata udondoke kwa kukimbia. Umeshikwa na kano imara na misuli ya nyonga. Kinachoweza kuvuruga hedhi ni kufanya mazoezi makali huku mtu anakula kidogo, na dawa yake inaanzia kwenye sahani. Woga huu ulikuwa wa dunia nzima. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alikimbia Boston akiwa na namba rasmi, na msimamizi mmoja akamvamia barabarani ili amnyang'anye. Mpenzi wake, mrusha nyundo aliyekuwa akikimbia naye, akampiga msimamizi kikumbo, na dada akamaliza mbio. Marafiki wa kukimbia nao wana kazi nyingi. Hiyo tunaomba isihitajike Dodoma. Olimpiki yenyewe haikuweka marathoni ya wanawake mpaka 1984. Leo Magdalena Shauri wetu ana saa 2:18:41, aliyoipata Berlin mwaka 2023 aliposhika nafasi ya tatu.

Magoti? Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa 2017, ulikuta ugonjwa wa kulika kwa viungo vya goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia kabisa. Washindani wa ngazi za juu ndio waliokuwa na asilimia 13.3. Wewe si wa kundi hilo, tulia.

Wengine hudhani kutembea njiani ni aibu, au kwamba lazima ukimbie kilomita 21 zote mazoezini kwanza. Safari ndefu ya kilomita 16 hadi 18 inatosha. Na Jeff Galloway, aliyekimbia Olimpiki ya 1972, amewafundisha watu wengi kukimbia na kutembea kwa zamu tangu mwanzo, kabla uchovu haujawalazimisha. Raba nazo, hata za mtumba kutoka soko la Sabasaba zinafaa ikiwa soli haijafa. Kosa ni kuvaa mpya asubuhi ya mbio.

Hii ya kwamba mbio ndefu ni za watu wa Arusha na Manyara peke yao inaniudhi kidogo. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 baada ya kushika nafasi ya pili Boston miaka miwili mfululizo, alizaliwa Dodoma. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa Tokyo 2025 aliyemshinda mwenzake kwa sehemu tatu za mia za sekunde, ni mtoto wa Singida.

Mwisho ni kuhusu wanaokuja kushangilia. Wote hujazana kwenye mstari wa kumalizia kwa ajili ya picha, mahali ambapo hakuna anayehitaji kusukumwa, kwa sababu ukiuona utepe miguu inajiendea. Wapelekeni kilomita ya 16 au 17, penye jua na pasipo mti. Wasipige kelele za "bado kidogo" wakati zimebaki nne. Wataje kilomita zilizobaki, basi. Mmoja abaki na sweta pale mwisho, maana ukisimama misuli inaacha kuzalisha joto huku jasho likiendelea kukauka mwilini, na kwa upepo wa Dodoma wa Julai utaanza kutetemeka kabla hujavishwa medali.