“Kosa ni lao, silipi mpaka warekebishe”: imani zinazowaumiza wenye mikopo ya nyumba

Juni 2 asubuhi nilimkuta mama mmoja ameshakaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu hapa Ng'ambo, Tabora, bahasha ya kaki mapajani. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kiloleni, na nyumba yake ameiweka rehani benki. Kabla hata hatujamaliza salamu akasema: “Kaka, kosa ni lao. Nimeacha kulipa tangu Machi mpaka warekebishe.”

Nilifanya kazi ya afisa mikopo kwa miaka kumi na saba kabla ya kuanza kuwasaidia watu kuandika malalamiko yao. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila ninapoisikia najua kazi yangu imeshakuwa ngumu maradufu. Ndiyo maana naandika leo.

“Kosa likiwa la benki, nina haki ya kuacha kulipa.”

Nianze na kosa lenyewe, maana lilikuwa kosa la kweli. Rejesho la mama huyu ni shilingi 412,000 kila tarehe 28. Bima ya nyumba ni 96,000 kwa mwaka, na ilikatwa Januari kama ilivyo kwenye mkataba. Februari ikakatwa tena. Yeye alikuwa ameweka 412,000 zake kamili, lakini bima ya pili ilitangulia kuchukuliwa, zikabaki 316,000. Mfumo ukachukua hizo na kuandika kwamba rejesho la Februari limepungua 96,000. Siku za kuchelewa zikaanza kuhesabiwa tangu Februari 28.

Tuseme angeendelea kuweka 412,000 zake Machi. Kwa kawaida mfumo huanza kufidia deni la zamani zaidi: 96,000 za Februari na tozo ya kuchelewa zingekatwa kwanza, na kilichobaki kingeingia kwenye rejesho la Machi. Machi nayo ingepungua. Aprili vivyo hivyo. Kila mwezi angesomeka ametanguliwa na deni dogo ambalo hakulifanya, tozo ikiongezeka kidogo kidogo. Huo ni uonevu, na mimi ni wa kwanza kuuita hivyo. Lakini ona jambo moja: kuchelewa kwake kungekuwa kunazunguka mwezi mmoja tu, bila kwenda mbali. Mkopo kama huo bado ni mzima.

Yeye akaacha kulipa. Machi hakuweka, Aprili hakuweka, Mei hakuweka. Siku aliyokaa mbele yangu zilikuwa zimetimia siku 94 tangu Februari 28. Mkopo ukivuka siku 90 unahesabiwa kuwa mkopo chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo, na benki inalazimika kuutengea fedha za tahadhari kutoka kwenye mapato yake. Kuanzia hapo faili linatoka kwa afisa anayekufahamu na kwenda kwa watu wa ukusanyaji madeni, ambao hawajui habari ya bima yako na kazi yao si kuijua.

Nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Tuchukulie benki imekiri kosa leo hii, imerudisha 96,000 na kufuta tozo zote. Anabaki na nini? Anabaki na marejesho matatu ambayo hakuyalipa, jumla 1,236,000, la kwanza likiwa la Machi 28. Siku 66. Hizo ni zake mwenyewe, na hakuna barua ninayoweza kuandika ikazifuta, kwa sababu ni za kweli. Alikuja na madai ya 96,000 yasiyo na doa, akayafunika kwa 1,236,000 ambazo benki inaweza kuzisimamia popote, hata mbele ya hakimu.

Nadhani nafahamu imani hii inatoka wapi. Kwenye kikoba, ukiona hesabu zako zimekosewa, ukagoma kununua hisa wiki hiyo, mwenyekiti ataitisha kikao, mweka hazina ataleta daftari, na mambo yatazungumzwa hadi yaishe. Mgomo wako unasikika. Benki haina kikao cha namna hiyo. Ukigoma, mfumo unahesabu siku. Hausikii kwamba umekasirika.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wateja wengi hawaupendi, ni huu: endelea kulipa rejesho lako lote kwa tarehe yake, na ukiweza, lipa hata kile unachokipinga. Najua inauma kutoa 96,000 usizodaiwa. Lakini siku hiyo hiyo peleka barua inayosema: nimelipa kiasi hiki ili kuzuia siku za kuchelewa, sikubali kwamba ninadaiwa, na ninaomba nirejeshewe. Fedha iliyochukuliwa kimakosa hurudishwa. Siku 94 za kuchelewa hukaa kwenye kumbukumbu yako. Kama huna uwezo wa kulipa vyote viwili, lipa rejesho, na kwenye barua taja kwamba malipo yale ni ya rejesho la mwezi fulani.

Barua hiyo iwe nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Kama hawana muhuri karibu, subiri. Nimeona watu wakiondoka bila muhuri kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na baada ya miezi sita benki inasema haikupokea kitu. Nunua pia kaunta buku ndogo: kila unapokwenda au kupiga simu, andika tarehe, jina la uliyezungumza naye na alichosema. Mama huyu alikuwa ameenda tawini mara tano. Hakuwa na hata mstari mmoja wa kuthibitisha.

Ukifika, omba taarifa ya akaunti ya mkopo pamoja na ratiba ya marejesho. Wengi huniletea taarifa ya akaunti ya akiba, ambayo inaonyesha fedha zikitoka lakini haionyeshi ziligawanywaje kati ya deni la msingi, riba, bima na tozo. Kosa huwa limejificha kwenye mgawanyo huo. Viweke vyote viwili pamoja, mstari kwa mstari, utauona mwezi ambao mambo yalianza kupinda.

“Nimewekwa kwenye orodha nyeusi.”

Hakuna orodha nyeusi. Benki zote hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata iliyo chini ya Benki Kuu, wazuri na wabaya pamoja, na kampuni mbili zenye leseni, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania, hutoa ripoti kutokana na taarifa hizo. Anayelipa vizuri yumo, anayechelewa yumo. Kinachomnyima mtu mkopo ni uamuzi wa benki inayoisoma ripoti. Acha kuuliza “nitaondolewaje”, uliza “mstari upi si wa kweli”.

“Kampuni ya ripoti ndiyo iliyoniharibia jina, nitapambana nayo.”

Wapelekee malalamiko, ni haki yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakupa haki ya kudai taarifa isiyo sahihi irekebishwe. Lakini wao hawawezi kujua kama bima yako ilikatwa mara mbili. Watairudia benki kuuliza. Kama benki haijasahihisha kwake, jibu litakuja lile lile. Anzia pale kosa lilipozaliwa.

“Yuko kijana anasafisha majina kwa laki mbili.”

Ni tapeli. Sina zaidi la kusema juu yake, isipokuwa usimpe nakala ya kitambulisho chako cha NIDA.

“Benki ikikataa, lazima niende Dar es Salaam, au niajiri wakili.”

Hili linawakatisha tamaa watu wa huku kwetu kuliko kwingine, kwa sababu Tabora na Kigoma hatuna tawi la Benki Kuu. Ofisi zake za jirani ziko Mwanza na Dodoma. Lakini Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki, halitozi ada, na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka kila benki iwe na utaratibu wa kupokea na kujibu malalamiko. Huhitaji kupanda treni. Unachohitaji ni kuthibitisha kwamba ulianza benki kwanza na ama ulijibiwa vibaya ama hukujibiwa. Umeona sasa kwa nini nasumbua watu kuhusu muhuri? Na usikimbilie kufungua kesi huku ukitaka dawati hilo likusaidie. Shauri likishakuwa mahakamani, wao huiachia mahakama.

“Wameshanitumia notisi, nyumba itauzwa wiki ijayo.”

Sheria ya Ardhi inataka mwenye rehani aliyeshindwa kulipa apewe notisi ya siku 60 kabla ya benki kutumia haki yake ya kuuza. Zitumie siku hizo kushughulikia suala lako, usizimalize kwa kulia wala kuzunguka kwa jamaa. Jibu notisi kwa maandishi, taja kiasi unachokipinga na ambatisha nakala zako zenye muhuri. Hapo ndipo wakili anapofaa kutafutwa, mapema, wala si siku dalali anapobandika tangazo ukutani. Na notisi usiikatae mlangoni. Nimemwona mzee mmoja wa Urambo aliyeamini kwamba asipoisaini haina nguvu.

“Wamesema wamesharekebisha, yamekwisha.”

Meneja wa tawi akikuambia hivyo huenda anasema kweli kabisa, kwa upande wa akaunti. Salio limesahihishwa, tozo zimefutwa. Lakini akaunti na taarifa iliyokwisha kupelekwa kwenye kanzidata ni vitu viwili, na anayerekebisha kimoja mara nyingi siye anayerekebisha kingine. Nesi mmoja alirudishiwa fedha zake zote mwezi Machi, akashukuru, akaenda zake. Oktoba aliomba mkopo mahali pengine ili amalizie paa, akanyimwa: ripoti bado ilimsoma kuwa ana miezi miwili ya kuchelewa. Ilitubidi tuanze upya, na afisa aliyeshughulikia suala lake alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine.

Dai barua ya benki inayotaja mambo matatu: kwamba kosa lilikuwa lao, miezi gani imeathirika, na kwamba taarifa sahihi ya miezi hiyo imepelekwa kwenye kanzidata. Hilo la pili ndilo wanalopenda kuliruka. Barua isiyotaja miezi haimsaidii afisa wa benki nyingine anayeitazama ripoti yako mwezi kwa mwezi. Kisha subiri benki ipeleke taarifa za mwezi unaofuata, na uombe ripoti kwa kampuni zote mbili, maana imewahi kutokea moja ikawa safi na ya pili bado.

Yule mama wa Kiloleni tulikubaliana aanze na rejesho la Machi, auze saruji aliyokuwa ameihifadhi akisubiri bei ipande, afunge la Aprili na la Mei kabla ya tarehe 28. Barua ya bima tuliiandika asubuhi ile ile, ukurasa mmoja. Saa sita mchana alirudi kunionyesha muhuri.