Chanjo ya Kideri Haikuua Kuku Wako

"Chanjo yenu imenimalizia kuku." Mimi nauza chanjo ya kideri, ugonjwa wa virusi wa kuku uitwao pia Newcastle, hapa Mombasa, na maneno haya nimeambiwa Likoni, nimeambiwa Mikindani, na wiki hii nimeambiwa tena Bombolulu na mama aliyekuwa na matetea wazuri wa kienyeji, sasa amebakiwa na jogoo na vifaranga wawili. Sikubishana naye. Aliyepoteza banda zima hataki kubishiwa. Lakini majirani waliosimama pale walikwisha kuamua kwamba wao hawachanji tena, na hilo siwezi kulinyamazia.

Tuanze na siku zenyewe. Mama huyu alichanja Jumamosi. Jumatatu kuku wa kwanza alizubaa, mbawa zimelegea, kinyesi kijani. Kufikia Alhamisi wengine walikuwa wamepinda shingo, wanazunguka pale pale kama pia, na wengi walikwisha kufa. Virusi vya kideri vikishamwingia kuku hukaa ndani yake kati ya siku 2 na 15 kabla dalili hazijatokeza, na mara nyingi ni siku 5 au 6. Basi kuku aliyezubaa Jumatatu aliupata ugonjwa lini? Kwa hesabu ya kawaida, wengi wa walioanza kuugua wiki ile waliupata kabla chupa ya chanjo haijafunguliwa. Na kuku aliyechanjwa leo hapati kinga leo: mwili wake unahitaji wiki moja hadi mbili kuijenga. Kwa hivyo chanjo iliwakuta kuku ambao tayari walikuwa wamechelewa.

Nikamuuliza, mbona Jumamosi ile hasa? Akajibu kwamba Alhamisi iliyotangulia kuku wa jirani walianza kufa. Hapo ndipo penye shida yote. Watu hapa hawachanji kwa kufuata kalenda, wanachanja kwa kusikia msiba. Anayekuja dukani mbio akiniambia "nipe chanjo, kwa jirani wanakufa" ndiye atakayerudi wiki ijayo kunilaumu, na ndiye atakayewasimulia watu kumi wengine. Aliyechanja kwa utulivu wakati kuku wake wazima hana cha kusimulia, maana kwake hakukutokea kitu.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisema. Lawama ile ina chembe ya ukweli ndani yake, ila chembe hiyo haimo kwenye chupa. Imo kwenye viatu vyetu. Mchanjaji anayetoka banda lenye ugonjwa akaingia banda lako na ndala zile zile, mikono ile ile iliyoshika kuku wa jirani, na tenga lile lile la kuwawekea, anaweza kukuletea kideri siku ile ile anapokuchanjia. Virusi vimo kwenye kinyesi, kwenye kamasi, kwenye manyoya. Nimewaona vijana wanaochanja mtaa mzima asubuhi moja bila kunawa hata mara moja, kisha kuku wakifa baada ya siku 5 wanashangaa. Mwenye kuku anakumbuka kwamba ugonjwa ulikuja baada ya mchanjaji, na hakukosea kukumbuka hivyo. Kwa hiyo mchanjaji akija kwako, mwagie maji na sabuni miguuni kabla hajavuka kizingiti cha banda, na mwambie anawe mikono. Akinuna, mwache anune. Na muulize ametoka wapi. Kama ametoka penye vifo, arudi siku nyingine.

Jambo la pili lenye chembe ya ukweli ni mafua madogo ya baada ya chanjo. Chanjo nyingi tunazotumia, LaSota ikiwemo, zina virusi hai vilivyo dhaifu. Siku chache baada ya kuchanjwa, kuku wengine hupiga chafya na macho huwatoka maji. Kwa kuku mzima hayo hupita yenyewe. Kwa kifaranga ambaye tayari anakoroma kifua kwa ugonjwa mwingine, anayelala kwenye banda lisilopitisha hewa, harufu ya kinyesi inamchoma pua usiku kucha, mafua hayo yanaweza kuzidi. Ndiyo sababu nasema kila mara: usichanje kuku mgonjwa. Na wewe mwenyewe usijipake mikono machoni ukiwa unachanja, maana virusi hivi huweza kukufanya macho mekundu kwa siku kadhaa.

Nakuja kwenye linaloniudhi kuliko yote, nalo ni chanjo ya kwenye maji. Mtu ananiambia alichanja. Namuuliza alichanjaje. Anasema alimimina kwenye maji. Maji gani? Ya mfereji. Jamani, maji ya mfereji yametiwa klorini ili yaue vijidudu, na chanjo ni vijidudu hai. Wengine wanateka mtungi ambao jana waliutia dawa ya kutibu maji kwa kuogopa kipindupindu, kisha wanatia chanjo humo humo. Hapo umewanywesha kuku wako maji matupu. Wala ndoo iliyooshwa kwa sabuni na jiki haifai, wala sufuria yenye kutu.

Ukilazimika kutumia maji, yaache usiku kucha kwenye chombo cha plastiki kilicho wazi, halafu asubuhi koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita, ungoje nusu saa ndipo utie chanjo. Maziwa huimaliza nguvu ile klorini iliyobaki. Kuku wawe wamekaa saa moja au mbili bila maji, na kile kiasi wakimalize ndani ya saa mbili.

Lakini haya yameandikwa kwa ajili ya kuku wa kufungiwa. Kuku wa uani Mombasa humnyimi maji! Ukimfungia chombo chake, anakwenda kunywa kwenye mtaro wa maji ya vyombo, anakwenda kunywa chini ya kiyoyozi cha nyumba ya pili kinachodondoka mchana kutwa, anakunywa penye karo ya msikiti. Ukimwekea maji ya chanjo anayachungulia anapita. Tetea mnyonge, yule anayedonolewa na wenzake, hafiki hata karibu na chombo. Mwisho wa siku nusu ya kuku wamepata na nusu hawakupata, na mwenyewe anahesabu kwamba amechanja wote.

Kwa hivyo kwa kuku wa uani mimi nasema tone la jicho, basi. Kuku mmoja, jicho moja, tone moja. Mshike, laza kichwa upande, dondosha, subiri mpaka apepese ndipo umwachie. Asipopepesa, tone limemwagika shavuni, rudia. Fanya alfajiri kabla hujafungua banda, au usiku wakiwa wamelala, maana ukishawafungulia utawakimbiza mtaa mzima na utawapata wale wazito tu.

Joto nalo. Chanjo za kawaida hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Machi hapa kwetu joto la mchana hufika nyuzi 32. Watu wananunua chanjo mjini, wanaitia mfukoni, wanapanga foleni ya feri jua la utosi, wanapanda matatu upande wa pili, wanafika nyumbani wanaiweka juu ya kabati mpaka mzee arudi kazini. Kwenye chupa mnabaki unga tu. Beba na barafu ndani ya chupa ya chai ya mdomo mpana, au ndani ya kikopo kilichofungwa kwa gazeti na mfuko. Ukishaichanganya na maji yake una saa mbili. Kilichobaki baada ya hapo kitupwe. Kukirudisha kwenye friji kwa ajili ya kesho ni kazi bure.

Ipo aina ya chanjo ya kideri iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini wasio na friji, nayo huvumilia joto zaidi. Ukiipata, hiyo ndiyo ninayoipenda kwa mazingira yetu, na tone lake ni lile lile kwa kifaranga na kwa jogoo. Lakini kuvumilia si kutokufa. Ukiiacha kwenye dashibodi ya tuktuk itakufa kama nyingine.

Tatizo ni kwamba chupa unayoipata kwa kawaida ni ya kuku 100, na wewe una 14. Nalielewa lalamiko hilo. Jibu lake ni majirani: nyumba sita au saba za mtaa mmoja mnakubaliana asubuhi moja, mnachanga, na mtu anatoka banda hadi banda akinawa njiani. Hii ina faida nyingine, kwa sababu kuku wa uani hawajui mpaka. Ukichanja peke yako huku kuku wa nyumba ya pili wanakuja kula pumba kwako, umejenga ukuta wa upande mmoja.

Rudia kila baada ya miezi 3. Kinga ya tone la jicho haidumu mwaka, na wanaosema "mimi nilichanja" nikiwauliza lini, wananitajia Ramadhani ya mwaka jana.

Kwa vifaranga sina jibu safi. Mama aliyechanjwa humpitishia mwanawe kinga kupitia kiini cha yai, na kinga hiyo humlinda kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Lakini kinga hiyo hiyo inaweza kuizima chanjo ukimchanja mapema mno. Ukingoja sana, inakwisha kabla hujamchanja. Vitabu vinakupa siku maalumu, kwa sababu vinamzungumzia mtu aliyenunua vifaranga 500 wa siku moja. Wewe una koo aliyetotoa wiki jana, mwingine anaatamia chini ya ngazi, na wa tatu anatembea na vifaranga wa mwezi. Ninachowashauri watu ni kuchanja kila mzima aliyepo siku ya kuchanja, hata wa wiki moja, na kuwarudia wadogo baada ya wiki tatu hivi. Najua baadhi ya matone ya mwanzo yanapotea. Nakubali hasara hiyo kuliko kuwapangia watu ratiba ambayo hakuna atakayeifuata.

Dawa nizipitie haraka. Kideri hakina dawa. Unga wa njano wa antibiotiki hauui virusi. Shubiri haiui, pilipili haiui, muarobaini hauui, majivu hayaui. Kuku aliyepona baada ya kupewa kimoja kati ya hivyo angepona bila hicho. Na ukiwapa antibiotiki, mayai ya siku hizo usiwape watoto wala usiyauze mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti upite.

Upepo nao si wa kulaumiwa sana kwa kideri. Wazee wanaosema ugonjwa huja na kusi wameona kitu cha kweli: virusi hudumu zaidi kwenye ubaridi, unyevu na kivuli. Lakini kinacholeta ugonjwa hadi uani kwako, mara nyingi, ni kuku wa kununua. Zinapokaribia Idi na Desemba, kuku wanashuka kutoka Kwale na Kilifi wakining'inia kwenye bodaboda, wanachanganywa Kongowea, na mtu anamnunua mmoja wa kuchinja na mwingine "wa mbegu" anayemtia bandani usiku ule ule. Mtenge wiki mbili, chombo chake peke yake. Na wewe ambaye kuku wako wameanza kuzubaa, usiwauze kwa bei ya kutupa kabla hawajafa. Hapo ndipo mtaa wa pili unapowaka. Matumbo na manyoya usiyatupe jaani pia, kunguru watayabeba na kuyadondosha ua wa mwenzako. Chimba shimo la kina, fukia.

La mwisho. Ninapotazama kuku aliyekufa na kusema "kideri", nasema kwa jicho. Kinyesi kijani na vifo vya ghafla huonekana pia kwenye kipindupindu cha kuku, na mafua makali ya ndege yanaweza kufanana nacho kabisa. Nina hakika kwamba baadhi ya niliowaita kideri hawakuwa kideri, na hao hakuna tone la chanjo yetu ambalo lingewaokoa. Kwa hiyo, kama ulichanja vizuri kwa tone la jicho, zaidi ya wiki mbili zimepita, na bado wanakufa wengi kwa mpigo, usiniletee lawama, niletee kuku. Aliyekufa leo, ndani ya mifuko miwili iliyofungwa, juu ya barafu lakini asigandishwe, ili afike maabara ya mifugo ya Mariakani siku hiyo hiyo. Na umshike kwa mfuko mkononi, usimshike kwa mkono mtupu.