"Mbona inasoma, fundi?"

Nikiitwa kiwandani, iwe Pongwe au hapa Tanga mjini, napokelewa kwa maneno yaleyale: "Sensa ni nzima, fundi, mbona inasoma?" Nimechoka kuyasikia.

Kusoma ni jambo moja, kusoma sawasawa ni jingine. Themokapo, yaani sensa ya joto ya waya mbili za metali tofauti, haitoi namba ya joto, inatoa umeme kiduchu: ya aina ya K ni takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ncha iliyo kwenye moto na pale waya zake zinapoishia. Paneli ndiyo inayougeuza kuwa namba. Ukiilisha umeme wenye kasoro, itakuandikia namba yenye kasoro, tena bila kutikisika.

Kuna oveni ya mikate niliyoitiwa hapa mjini. Mikate inaungua ganda, ndani mbichi. Walishabadilisha unga, walishabadilisha hamira, mwokaji keshagombezwa vya kutosha. Skrini inasema 220. Nikafungua kiboksi cha ubavuni: waya wa themokapo ulikatika, mtu akauunga kwa waya wa shaba wa kawaida, ule wa taa, mpaka kwenye paneli. Pale kwenye kiungo palikuwa na nyuzi 60, kwenye paneli 30. Nyuzi 30 zote zimepotea njiani, maana waya wa shaba hauzihesabu! Oveni ilikuwa inachoma kwa 250 na watu wanaapa kwa 220. Waya wa kurefushia themokapo uwe wa aina yake, K kwa K, chanya na hasi zisipishane. Hapo sina mjadala na mtu.

Hakiki mwenyewe. Ponda barafu safi, itie kwenye chupa ya chai na maji kidogo, koroga, zamisha sensa: isome 0. Barafu ya wauza samaki iache, ikishaguswa na chumvi inashuka chini ya sifuri. Kisha maji yanayochemka: hapa pwani isome 100. Lushoto, juu kule kwenye mita kama 1,400, yanachemka kwenye 95 hivi, usije ukailaumu sensa bure. Lakini ile oveni, ikiwa imezimwa na kupoa, ingefaulu jaribio la barafu vizuri tu, kwa sababu kiungo na paneli vingekuwa na joto moja. Ndiyo maana mimi naufuata waya kwa mkono, kuanzia ncha hadi paneli, kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna na maneno mengine ninayoambiwa. "Geji mpya haina haja ya kuhakikiwa." Inayo. Ya presha ya boila ipeleke maabara ya ugezi, ya kuhakiki vipimo, Shirika la Viwango (TBS) wanayo, na cheti chake kitunze.

"Pandisha seti ipate moto haraka." Seti ni joto unaloiagiza oveni ifikie. Hita ikiwa tayari inafanya kazi kwa nguvu zake zote, kuandika 300 hakuongezi hata wati moja. Itafika 220 kwa muda uleule, halafu itapitiliza.

"Tanki linaonyesha sifuri, basi ni tupu." Kwenye mfumo wa miliampia 4 hadi 20, sensa inatuma kipimo kwa umeme: tanki tupu ni 4, lililojaa ni 20. Ukipima kwa mita ukakuta 0 kamili, waya umekatika au umeme haufiki. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, anza na skrubu za terminali, pale waya zinapofungwa, utakuta kutu ya kijani. Na pampu ya kujazia usiiwashe kabla hujapanda ukachungulia tanki lenyewe.